Kutia nanga kwenye matumbawe ya Tuamotu

Ndani ya atoli (kisiwa cha matumbawe chenye umbo la pete) kama Fakarava, katika visiwa vya Tuamotu, Polinesia ya Kifaransa, hatari ni vichwa vya matumbawe, yaani mafungu yanayoinuka kutoka sakafu ya bahari. Upepo ukigeuka, mnyororo wa nanga huvizunguka na kufupika. Wimbi likija, omo (sehemu ya mbele ya chombo) inavutwa kwa kishindo mpaka kitu kikatike. Tumbawe nalo huvunjika, na kukua kwake ni kwa miaka mingi.

Ingia jua likiwa juu na nyuma yako, utafute mchanga mweupe. Kwa kina cha mita 10, teremsha nanga, uache mita 20 za kwanza za mnyororo bila boya. Kisha, ili mnyororo uelee juu ya matumbawe, ufungie boya kwa kulabu kila mita 5 hadi 8, mpaka jumla ya mnyororo ifike mita 50. Rudi nyuma kwa injini polepole, nanga ishike. Halafu zamia ukague: mnyororo ukigusa tumbawe popote, ongeza boya hapo.