Unaratibu sherehe Mwanza? Hesabu muda kuanzia mwisho urudi nyuma

Kadi inasema saa 12 jioni, wageni wanaanza kuingia saa 2, maharusi saa 3, na mwenye ukumbi anataka mziki uzimwe saa 6 usiku. Kila mratibu wa shughuli hapa mjini anaijua hiyo hesabu hata ukimwamsha usingizini, lakini bado watu wanaandika ratiba kuanzia juu, "sala ya kufungua", halafu wanashuka wakimwachia Mungu. Anza chini bana. Mziki unazimwa saa ngapi? Rudi nyuma: shukrani, zawadi, chakula, keki, utambulisho, ndo ufike kwenye saa ya kuingia maharusi, na hiyo saa ndo unamtajia mtu wa saluni, sio ile ya kwenye kadi.

Chakula kipigie hesabu kabisa. Mtu mmoja akipakua kwa sekunde 15 tu (na hakuna anayepakua kwa sekunde 15 akiwa amefika kwenye sato), wageni 300 kwenye foleni moja ni saa 1 na robo. Weka foleni nne, inashuka chini ya dakika 20. Kwahiyo hili liongee na mpishi mapema, wakati anapanga vyombo na wahudumu, usisubiri siku yenyewe mshangae wote na MC anajaza muda kwa vichekesho.

Halafu kuna kamati. Mi naona kalenda ya mratibu inaendeshwa na mhazina kuliko mratibu mwenyewe, maana mpambaji hagusi kitambaa bila advansi, mtu wa saundi vilevile, na ahadi za michango zinalipwa wiki ya mwisho, nyingine asubuhi ya harusi. Omba kamati ifunge michango wiki mbili kabla, na idadi ya wageni ifungwe hapohapo, ukiongezewa meza tano Ijumaa usiku zitakula muda wa mapambo yote.

Saluni sasa. Bibi harusi mmoja sio shida, shida ni mpambe, mama, mashangazi na wadogo zake wote kwa fundi mmoja wa mekapu, na wote wanataka kumaliza pamoja nae. Bibi harusi asiwe wa kwanza wala wa mwisho, na awepo mtu wako mmoja pale saluni, ikiwezekana wifi asiyeogopa kusema "shangazi, gari linaondoka". Picha za ziwani, kule Capri Point au kwenye mawe, zinategemea jua, na hapa Mwanza linachelewa kuzama kuliko Dar, mara nyingi ni saa 1 kasoro hivi. Mpiga picha akitoka Dar mwambie mapema, maana anaweza kuwatoa watu kanisani mbiombio kwa kuogopa giza ambalo bado liko mbali.

Wageni wa ng'ambo ya ziwa waulizwe wanapita wapi. Wa Sengerema na Geita siku hizi wana nafuu, daraja la Kigongo hadi Busisi lilizinduliwa Juni 2025, kama kilomita 3 unavuka kwa gari, zamani ungewasubiri kwenye foleni ya kivuko. Wa Ukerewe bado ni maji, chombo kina ratiba yake, kwahiyo ukoo ukitoka Nansio waje siku moja kabla, na malazi yawe kwenye bajeti sio kwenye mazungumzo ya usiku.

Mvua usiibishie, hasa miezi ya masika na vuli, shughuli ya uwanjani iwe na turubai lililofungwa tangu asubuhi. Jenereta liwashwe lijaribiwe mchana, na dizeli iwepo ndani, sio hela ya dizeli.

La mwisho ni balansi. Kila anayedai awe na bahasha yake yenye jina, imehesabiwa mchana na mhazina, maana saa 6 usiku DJ, mpishi na mwenye viti wanakuzunguka kwa pamoja na mhazina anacheza. Viti na vitambaa vihesabiwe usikuhuohuo mbele ya mwenyewe, asaini aondoke, Jumapili ukiamka hakuna simu ya "vimepungua viti sita".