Namna ya Kurudisha Jioni ya Zamani Nyumbani Dodoma

Wanaoikumbuka Dodoma ya zamani husema kwamba mji ulikuwa mtulivu, salamu hazikukatishwa njiani na jioni ilikuwa ndefu. Kumbukumbu hiyo ina msingi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifikiwa mwaka 1973, lakini kwa miongo kadhaa wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam. Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi baada ya mwaka 2016, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, kila kitu kilianza kukimbia kwa pamoja. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1910, na kwa vizazi kadhaa abiria wa kutoka pwani alilala njiani; treni ya umeme iliyoanza safari mwaka 2024 humfikisha kwa muda wa chini ya saa nne. Hatuwezi kuirudisha ile kasi ya zamani mjini kote, wala hatuna haja. Kinachowezekana ni kutenga jioni moja kila juma, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya.

Kabla ya kupanga lolote, chambueni kumbukumbu zenyewe. Kila mtu wa nyumbani ataje kitu anachokitamani kutoka enzi hizo, kisha kwa kila kimoja mwulizane ni nani aliyekuwa akikifanyia kazi. Mzee aliyekaa kivulini nje ya tembe mchana kutwa alikuwa na utulivu huo kwa sababu binti alikwenda kisimani alfajiri, na mama alisaga uwele kwa mikono juu ya jiwe. Tena ukanda wetu ni mkame na hutegemea msimu mmoja wa mvua. Zilipokosekana, kungoja huko kwa polepole kulikuwa kungoja njaa. Naamini kabisa kwamba ni dhuluma kuitamani jioni ya zamani na kumwachia mama peke yake kazi zote za kuileta. Kwa hiyo gawaneni mapema: nani atakwenda sokoni, nani atasonga ugali, nani ataosha vyombo. Wavulana na baba wawemo.

Chagueni siku ambayo wote wapo. Simu ziwekwe pamoja kwenye kapu, isipokuwa moja iachwe na sauti, kwa kuwa habari ya ugonjwa au msiba kuchelewa siku kadhaa si jambo la kulitamani.

Chakula ndicho kitakachoamua kama jioni itakuwa na mwendo wake, nami napendekeza ugali wa uwele kwa mlenda, mboga ya majani yenye kuteleza. Nunueni mlenda mkavu uliosagwa. Kwa watu watano, chemsheni vikombe vitatu vya maji pamoja na nyanya mbili zilizokatwakatwa na chumvi hadi nyanya zilainike, kisha tieni vijiko vinne vya karanga zilizotwangwa na kuziacha zichemke kwa moto mdogo kwa dakika kumi hivi. Ndipo mnyunyize unga wa mlenda kidogo kidogo, kama vijiko viwili au vitatu, huku mtu mwingine akikoroga bila kupumzika ili usifanye madonge. Msifunike sufuria, kwa maana mlenda huumuka na kumwagika. Uko tayari pale unapouinua mwiko na mlenda ukavutika kwa uzi mrefu usiokatika upesi. Wapo wanaotia magadi ili uteleze zaidi. Kidogo sana yanatosha, yakizidi huharibu ladha. Watoto waliozoea wali huenda wakakunja uso, basi waanze na tonge moja moja. Nawishaneni mikono, mle sahani moja, na asiondoke mtu kabla wengine hawajashiba.

Baada ya kula, mpeni nafasi mzee. Mwamkieni kwa "mbukwenyi" ikiwa ni Mgogo, na mwacheni amalize kuuliza habari za kila mmoja. Swali la "zamani kulikuwaje?" huzaa jibu fupi la jumla. Ulizeni jambo linaloshikika: maji yalichotwa wapi, nani alichunga ng'ombe, habari za ndugu aliyekuwa mbali zilifikaje. Msimbane kwa tarehe. Mwulizeni kama jambo lilitokea kabla au baada ya watu kuhamishiwa vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970, au kabla ya vita vya Kagera vya mwaka 1978, na mwaka utapatikana wenyewe. Akinyamaza, nyamazeni naye kidogo. Mara nyingi bado anatafuta jina la mtu au mahali. Mkitaka muziki, marimba na zeze za Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, zinafaa, lakini ziwekwe baada ya mazungumzo, siyo juu yake.

Mkiamua kumrekodi, ombeni ruhusa yake kwanza, na mumweleze nani atakayesikiliza. Sauti hiyo ihifadhiwe mahali pawili, ikiandikwa jina la msimulizi, kijiji anachokizungumzia na tarehe ya mazungumzo. Akisema sehemu fulani ifutwe, ifuteni palepale mbele yake.