Ustawi wa jamii wakikubishia hodi ughaibuni: ushauri kutoka Mwanza

Shangazi akipiga simu ya video kutoka Igoma na kusema, "Mtandike huyo, wewe si ndiye mzazi?", msikilize kwa heshima, lakini mwalimu akimuuliza mtoto alama ya mkononi imetoka wapi, shangazi hatakuwepo. Sweden ilipiga marufuku kumchapa mtoto hata nyumbani tangu 1979, Norway 1987, Scotland 2020 na Wales 2022. England bado inaruhusu adhabu ya kiasi. Usibweteke na hilo. Ukiacha alama mwilini, utetezi huo umekufa.

Na tuache kudanganyana kwamba huku nyumbani serikali haina neno. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba mtoto anaonewa aziripoti, na namba 116 hupigwa bure. Ila Mwanza mambo mengi huanzia kwa mjumbe au wazee wa ukoo. Ulaya huanza na barua yenye tarehe.

Wanasiasa wa huko nao wanabishana serikali iingilie familia kiasi gani. Scotland ilitunga sheria mwaka 2014 ili kila mtoto awe na mtu wa kumfuatilia, kama nesi au mwalimu. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema utaratibu wa kupeana taarifa za familia unaingilia faragha, na 2019 mpango ukaachwa. Norway nayo imeshindwa mara kadhaa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, kwa jinsi inavyotenganisha watoto na wazazi. Kesi ya 2021 ndiyo inayotugusa zaidi: mama Msomali Mwislamu, mwanawe akalelewa na kuasiliwa na familia ya Kikristo. Mama alishinda. Lakini kufikia hapo hakuwa tena akiomba arudishiwe mtoto, kwani mtoto alishawazoea walezi wake. Alichopigania mama ni mtoto asikatwe na asili yake.

Kwa hiyo faragha ya familia ipo kisheria, ila ukiisubiri mahakamani, mtoto anakua. Pigania haki yako wiki ya kwanza. Omba mkalimani wa kazi, si binti yako wa darasa la sita. Ukiwa England ukiambiwa usaini kumkabidhi mtoto kwa halmashauri "kwa hiari", ona wakili kwanza. Kesi ya kumwondoa mtoto ikifunguliwa, mzazi hupata wakili wa bure.

Taja ndugu mapema, hata bibi aliyeko Mwanza, maana naye anaweza kupimwa kama mlezi. Aandae kitambulisho cha NIDA na barua ya mtendaji wa mtaa. Ataulizwa mtoto atalala chumba gani, nani atampeleka shule, na akikosea atamkanya vipi.

Kesi ikishafunguliwa, usithubutu kumtorosha mtoto kumleta huku. Hilo linaweza kugeuka jinai, na hata bibi uliyemtaja atashukiwa kuwa alijua.