Jinsi ya kuomba kushiriki kuutunza msitu wa serikali: mwongozo kwa tunaokaa kando ya Mau

Kuanzia Januari hadi Machi nyasi za ukingo wa Msitu wa Mau, hapa kwetu Kenya, hukauka hadi zinalia chini ya kiatu. Moshi wa mrina asali, tanuri la makaa lisilo na mlinzi, au shamba linalochomwa mchana wa upepo, chochote kati ya hivyo kinatosha kuuwasha mteremko mzima kabla foresta, yaani ofisa wa kituo cha msitu, hajapata gari. Hasara kubwa huja baadaye, mvua za Aprili zinapoukuta udongo uko uchi. Maji hayazami tena ardhini, yanateremka na majivu na udongo wa juu. Mto Njoro, unaoanzia Mau, huishia Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto wa kutokea, kwa hiyo kilichoingia kimeingia. Upande wa kusini magharibi wa Mau, Mto Sondu hupitia mitambo ya umeme ya Sondu Miriu ya megawati 60 kabla ya kumwagika Ziwa Victoria. Anayezuia moto kule juu anamlindia maji mtu wa Nyakach, kule chini karibu na ziwa, ambaye pengine hawatawahi kuonana.

Nimekuwa katibu wa chama cha jamii cha misitu, kile ambacho wengi tunakiita CFA, na ninaandika haya kwa sababu vikundi vingi vinaambiwa "msitu ni wa serikali, kaeni mbali", vikakubali. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 haisemi hivyo. Kifungu chake cha 48 kinawaruhusu wanajamii kusajili chama, kisha chama hicho kiombe kwa Shirika la Huduma za Misitu, yaani KFS, kushiriki katika kuuhifadhi na kuusimamia msitu wa umma.

Anzeni kwenye kituo cha msitu kilicho karibu nanyi. Mwulizeni foresta swali moja: je, msitu huu tayari una chama? Mara nyingi kipo, hata kama kimelala. Kama kipo, msiunde kingine. Vyama viwili juu ya msitu mmoja huzaa ugomvi, na moto haungojei ugomvi uishe. Jiungeni kama kikundi cha watumiaji ndani ya kile kilichopo: wafuga nyuki, wenye mifugo, akina mama wa kuni, wenye vitalu vya miche. Kama hakipo, mwombeni chifu nafasi kwenye baraza ili habari iwafikie wote, si jamaa na marafiki tu.

Kwenye mkutano wa kwanza msiwaache nje wale mnaowashuku kwamba ndio wawasha moto. Najua inauma. Lakini mrina asali anaijua njia ambayo ninyi hamuijui, na mchungaji ndiye anayeuona moshi wa kwanza. Jamii ya Waogiek, ambao maisha yao na nyuki yamefungamana na Mau tangu enzi za mababu, wawemo tangu siku hiyo, si kuitwa kutia sahihi mwishoni.

Usajili wenyewe hauna mengi. Chama kinasajiliwa kwa Msajili wa Vyama, na maombi huanzia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Sheria ya Vyama inataka watu kumi au zaidi, na maombi yapelekwe ndani ya siku 28 tangu chama kuundwa. Andaeni katiba, kumbukumbu za mkutano uliowachagua viongozi, orodha ya wanachama yenye namba za vitambulisho, na nakala za vitambulisho vya viongozi. Hakikisheni jina limeandikwa vilevile kwenye kila karatasi. Herufi moja ikipotea kwenye jina la mhazini, mtaanza upya. Ritani, yaani taarifa za kila mwaka kwa Msajili, nazo msizisahau.

Mkishapata cheti ndipo mnaandika maombi kwa KFS, na hapa ndipo penye kazi. Maombi yanabeba orodha ya wanachama na anwani ya chama, katiba, kanuni za fedha, eneo la msitu mnalotaka kulitunza, na mapendekezo yenu: mtautumiaje msitu, mtahifadhi vipi mimea na wanyama, na mtafuatiliaje kwamba ulinzi huo unafanyika kweli.

Watu wengi huziandika kanuni za fedha kwa mistari mitatu. Msifanye hivyo. Semeni ni nani anayetia sahihi benki, risiti inakaa wapi, na hesabu zinasomwa lini mbele ya wanachama. Fedha za kuni na nyasi ni kidogo, lakini ndizo zinazovunja vyama.

Kisha eneo. Ramani yetu ya kwanza tuliichora mezani, tukinywa chai, na ilirudishwa. Ya pili tuliichora kwa miguu. Tulizunguka mpaka siku mbili tukiwa na simu ya kuchukua alama za mahali, daftari na panga. Siku ya pili mzee mmoja alisimama katikati ya kichaka, akagonga ardhi kwa fimbo, akasema, "Hapa ndipo palikuwa na njia ya moto." Hatukuona njia yoyote. Palikuwa na nyasi za kufika kiunoni na miche ya saipresi iliyojiotea. Alipozifunua kwa fimbo tukaona kingo mbili za udongo zilizonyooka kuelekea mtoni. Tangu zamani njia ile, ukanda uliofyekwa nyasi, ilikuwa ikiukata moto usivuke kuingia msitu wa asili, nasi tulikuwa tukiipita kila wiki bila kujua. Mtembezeni mzee kabla hamjachora.

Kwa hiyo kwenye mapendekezo yenu, sehemu ya moto iwe na mahali, mwezi na mtu. Msiandike "tutaelimisha jamii kuhusu moto", kwani sentensi hiyo haizimi hata kijiti. Andikeni njia ipi ya moto itafyekwa, kati ya Novemba na Desemba, na kikundi kipi. Andikeni nyasi za ukingoni zitakatwa na nani na kupelekwa kwa ng'ombe wa nani, maana nyasi iliyo tumboni mwa ng'ombe haiwezi kuwaka. Kwenye mashamba ya miti ya saipresi na misonobari, ombeni kushiriki kupogoa matawi ya chini na kupunguza miti iliyobanana. Matawi makavu yaliyoachwa chini baada ya kazi hiyo yaondolewe, vinginevyo mmeuandalia moto ngazi ya kupanda kutoka kwenye nyasi hadi vileleni. Orodhesheni vifaa mlivyo navyo: majembe, mapanga, reki, mitungi ya maji ya mgongoni. Wekeni pia namba za simu kwa mpangilio, nani anampigia nani, foresta akiwa wa kwanza.

Kama bonde lenu lina chama cha watumiaji wa maji, kiiteni mezani mapema. Vyama hivyo vinatambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina ofisi za kanda Nakuru, Kisumu na Kakamega. Wanachama wa chama hicho cha maji wanajua chemchemi zipi bado zina maji mwezi wa Februari, na siku ya moto hilo litawafaa sana.

Pelekeni maombi kupitia kituo cha msitu, nakala mbili, na nakala yenu igongwe muhuri wenye tarehe. Nasisitiza hili kwa sababu ofisi moja ilikaa na faili yetu miezi minne, kisha tukaambiwa haikufika. Hatukuwa na muhuri. Tuliandika kila kitu upya, na kiangazi kikapita hapo katikati.

Baada ya hapo mtakaa na KFS kuandaa mpango shirikishi wa usimamizi wa msitu. Hudhurieni kila kikao, na mwe na mtu wa kuandika kumbukumbu zenu wenyewe. Mpango ukiidhinishwa ndipo mkataba wa usimamizi unasainiwa, na mkataba ndio unaotaja haki zenu: asali, dawa za mitishamba, kuni, nyasi na malisho, utalii, au kulima kati ya miche michanga bila kuhamia msituni. Someni kila mstari kwa sauti mbele ya wanachama, kwa lugha wanayoielewa wote. Chama kikikiuka masharti haki hizo zinaweza kuondolewa, ila baada ya notisi na nafasi ya kujieleza, kwa hiyo barua yoyote kutoka KFS isilale kwa katibu.

Na hata mkiwa na mkataba, kuni na malisho yanalipiwa na risiti inatolewa. Mama akikutwa na mzigo bila risiti, kadi ya uanachama haitamsaidia.

Mkataba wetu ulisainiwa mwezi wa Oktoba. Nakala moja ilibaki kituoni, moja kwa katibu, na ya tatu tuliibandika dukani pale njia panda. Jumamosi iliyofuata tulienda watu ishirini na mmoja na majembe kwenye ile njia ya moto ya mzee. Alikuja naye, akakaa kwenye gogo akituonyesha ukingo ulipo kila tulipoupoteza, na kufikia saa kumi jioni tulikuwa tumefika mtoni.