SOMO: Kukagua Enfield 1853 ya mtumba (kopi ya Italia) kabla hujatoa hela

Wakuu habari za wikiendi. Tangu niseme nimejiunga na kundi la huku Pennsylvania linaloigiza wale askari weusi wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, watu wananiuliza ile bunduki ndefu nimeitoa wapi na kwa bei gani. Kwa kifupi ni gobori. Ndio, gobori lilelile la kushindilia kwa mdomo tunalolijua, ila hii ni kopi ya Enfield ya 1853, imetengenezwa Italia, nimeinunua kwa mtu mkononi dola 450, na kabla ya hapo nilishapigwa na nyingine, hiyo nitaieleza huko chini.

Enfield ni ya Waingereza lakini vita ya 1861 mpaka 1865 ilipowaka pande zote mbili zikaagiza kwa fujo, ziliingia kama laki tisa hivi. Kikosi cha askari weusi cha 54th Massachusetts walipoivamia ngome ya Fort Wagner Julai 1863 walikuwa nazo mkononi. Na hapa jirani na Philadelphia ndo kulikuwa na kambi ya mafunzo ya Camp William Penn, walipita askari weusi karibu 11,000 pale, kwahiyo kwetu sisi sio urembo tu. Original bado zipo ila kuipeleka original kwenye matope na mvua kila mwezi roho inauma, ndo maana watu wanatumia kopi. Utakutana na za viwanda kama Armi Sport, Pedersoli, Euroarms (hawa walishafunga) na Parker-Hale.

Hatua ya 1: mdeki. Kabla hujasifia chochote, kabla hujainyanyua begani, chomoa mdeki (ile fimbo ya chuma ya kushindilia) uuingize taratibu kwenye mtutu mpaka ugote, halafu weka alama ya kidole pale mdomoni. Uchomoe, uulaze kwa nje ya mtutu, alama ikae usawa wa mdomo. Ncha inatakiwa ifike karibu kabisa na pale chini ya chuchu, kile kichuma kinachovishwa fataki (kikofia kidogo kinacholipuka nyundo ikigonga). Ikiishia juu kwa vidole viwili vitatu basi kuna kitu ndani, na hicho kitu kinaweza kuwa baruti na risasi. Usicheke. Baada ya mapigano ya Gettysburg katika vita hiyohiyo ziliokotwa bunduki zaidi ya 27,000, na taarifa ya wakati ule inasema karibu 24,000 zilikuwa bado zina risasi, nyingi zimeshindiliwa mara mbili na zaidi, yaani mtu anapagawa anashindilia juu ya shindilio. Muuzaji akikwambia "haina kitu bro" mwambie sawa, halafu pima.

Ukishajua iko salama, simamisha bunduki wima, uudondoshe mdeki toka juu kidogo usikilize. Ukilia ting! kama kengele, chini ni chuma kitupu kisafi. Ukilia dup, chini kuna masizi yaliyoganda, au karatasi, au kutu. Maofisa wa enzi zile walikagua hivihivi gwaride zima, na marehemu babu yangu kule Tabora na gobori lake alikuwa anafanya hivyohivyo bila kufundishwa na ofisa yeyote.

Mimi ile ya kwanza sikusikiliza. Nilikutana na mzee mmoja kwenye maegesho, bunduki inang'aa kama sahani ya harusi, shaba imepigwa brasso, ubao umepakwa mafuta, nikalainika nikatoa hela. Kufika nyumbani nadondosha mdeki, dup. Nikamwaga maji ya moto yakatoka meusi kama kahawa, nikarudia mara sita bado meusi, nikashusha kitochi kidogo kwa uzi ndo nikaona: inchi nne za chini kote mashimo ya kutu. Kumbe mwenyewe alikuwa anapiga baruti tupu bila risasi kwenye maigizo, akaona kwakuwa haijatoa risasi haina haja ya kuoshwa. Masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu, wiki moja tu chuma kinaliwa, kwahiyo usidanganyike na nje hata siku moja, ugonjwa wa hizi kopi unakaa chini ya mtutu pale jicho lisipofika.

Hatua ya 2: mtambo, yaani nyundo na triga. Nyundo ina vituo viwili, nusu na kamili. Iweke nusu, elekeza pembeni, vuta triga kwa nguvu ya kawaida. Ikidondoka, rudisha kwa mwenyewe uondoke, au uikate bei sana umpelekee fundi. Usiiachie nyundo igonge chuchu tupu, weka kipande cha ngozi katikati. Angalia pia kama inatua katikati ya chuchu, na kama chuchu inafunguka kwa spana yake. Iliyogoma kufunguka ina hadithi ndefu.

Hatua ya 3: ubao. Nyufa nyuma ya mtambo na pale shingo ya kitako. Basi.

Hatua ya 4: stempu. Kopi ya Italia ina alama za ukaguzi za Gardone (mji wa Italia wanakopima bunduki), ikiwemo herufi PN chini ya nyota, maana yake baruti nyeusi, na herufi mbili za mwaka, mfano AZ ni 1990. Kuna mafundi wanasaga hizo alama ili bunduki ifanane na ya zamani, waigizaji wanapenda na wanalipa zaidi, haina shida mradi muuzaji aseme. Shida ni yule anayeisaga halafu anakuuzia kama ya 1862.

MASWALI

Mdau wa Columbus: Mkuu risasi si namba .577 (upana kwa inchi) tu kama ilivyoandikwa?
Jibu: Hapana, usinunue risasi kabla hujapima mdomo wa mtutu wako. Nyingine zimekaa kwenye .577 nyingine .580. Risasi ya Minié (ile ya risasi laini yenye ncha na tako lenye shimo) inatakiwa iteremke kwa kusukumwa kidogo tu, ikigoma ni kubwa, ikitumbukia yenyewe kama jiwe kisimani ni ndogo na itapiga ovyo. Na ni baruti nyeusi tu, ile ya kisasa isiyo na moshi itakupasulia mtutu usoni.

Dada Neema: Kaka, mi fataki nilizonunua ni ndogo haziingii kwenye chuchu, ni feki?
Jibu: Sio feki dada yangu, umechukua za bastola. Hii inavaa kubwa zenye mabawa manne kama kofia. Ukienda dukani nenda na chuchu yako mfukoni, maana nyuzi za skrubu zinatofautiana kiwanda na kiwanda.

Mgeni Njoo: Hapo Marekani unahitaji kibali? Mi niko na viza ya shule.
Jibu: Sheria ya shirikisho ya 1968 inaihesabu kama silaha ya kale, hujazi zile fomu za dukani. Ila majimbo yana yake, New Jersey ni mfano. Kuhusu viza muulize wakili, usichukue ushauri wa uhamiaji kwa mtu wa magobori.

Mdau wa Columbus: Na ile mbovu ya mzee uliipeleka wapi?
Jibu: Ipo ukutani. Nimeziba tundu la chuchu kabisa, watoto wa kundi wanaitumia kujifunzia gwaride.

Kijana wa Urambo: Ukirudi bongo likizo unakuja nayo tuione?
Jibu: Thubutu! Huko gobori ni silaha kamili inataka leseni, nikamatwe uwanja wa ndege wa JNIA na mtutu wa mita moja kwenye begi? Nitakuletea mdeki tu, uusikie ukilia.