Kushona waleti ya ngozi kwa mkono: pima unene kabla ya kushika sindano

Waleti ya kwanza niliyowahi kuuza ilirudi baada ya siku nne. Mteja wangu, kijana wa bodaboda, aliiweka mezani ikajifungua yenyewe kama mkate uliojazwa chipsi. "Fundi," akasema, "nikiikalia hii naendesha nimeinama upande." Mshono ulikuwa umenyooka na ukingo unang'aa. Shida ilikuwa ngozi. Nilikuwa nimenunua kipande cha ngozi ya viatu, milimita mbili, nikakitumia kila mahali, kuanzia nje hadi mifuko ya kadi.

Piga hesabu mwenyewe. Penye mifuko miwili ya kadi waleti ina matabaka manne: ngozi ya nje, bitana ya ndani, mfuko wa nyuma na mfuko wa mbele. Kwa ngozi ya milimita 2 hiyo ni milimita 8, na ukiikunja ni 16, hujaweka hata kadi moja. Sasa chukua nje 1.2 na ndani kote 0.8: unapata 3.6, na ikikunjwa ni 7.2. Ramani ya kukatia ni ileile na jasho ni lilelile, ila hii ya pili inaingia mfukoni.

Hatua ya 1: Ngozi

Nenda dukani na kadi yako ya benki na rula. Kama muuzaji hana kipimo cha unene, kunja kona ya ngozi mara moja, upime mkunjo, ugawe kwa mbili. Si kipimo cha maabara, lakini kitakuokoa na ngozi ya buti.

Kwanza hakikisha ni ngozi. Reksini ukiigeuza unaona kitambaa au sponji nyuma, ngozi unaona nyuzinyuzi za nyama. Halafu uliza ilisindikwa kwa dawa gani. Nyingi utakazokutana nazo zimesindikwa kwa kromu: laini, haiogopi maji sana, na ukiichungulia pale ilipokatwa, katikati mara nyingi unaona ukijivu au ubuluu. Iliyosindikwa kwa magome ya miti ni ya kahawia kutoka juu hadi chini, ngumu kidogo, na ukiikwaruza kwa ukucha alama inabaki. Idondoshee tone la maji: inalinywa na kuwa nyeusi hapo kwa muda. Dawa yake hutoka kwenye magome kama ya miwati, ile miti ya Njombe ambako kampuni ya miwati ya TANWAT imekuwapo tangu 1949.

Mimi napenda ya magome kwa nje, kwa sababu ukingo wake unasuguliwa ukang'aa na inazeeka vizuri. Ya kromu nayo inafaa, ila ukingo wake hausuguliki. Itakubidi uupake rangi ya ukingo au uukunje ndani. Anayekwambia ngozi ya kromu ni feki, mwache. Na kwa sisi wa Dar, ngozi ya magome ukiifunga kwenye nailoni wakati wa masika utaikuta na ukungu. Iviringishe kwenye kitambaa, uiweke panapopita hewa.

Kwa mifuko ya ndani chukua ngozi ya mbuzi. Ni nyembamba na bado ina nguvu. Ya kondoo ni laini kama shavu la mtoto, lakini inavutika na uso wake huachana na nyama. Niliitumia mara moja kwenye mifuko, na baada ya miezi michache kadi zikawa zinadondoka zenyewe.

Sasa ikague. Ng'ombe wetu wamechomwa chapa, wameng'atwa na kupe, wamepita kwenye miba. Kovu lililopona halina neno. Kuna wateja wanalitafuta kabisa. Kinachonitisha ni mkato wa kisu cha machinjioni, ambao uko upande wa nyama na ukitazama juu huuoni. Pitisha kidole nyuma ya ngozi yote, kisha iinue kwenye mwanga. Pale penye mfereji, pazungushie kalamu usipakate.

Mwisho, ivute kwa mikono miwili, kwanza kwa urefu wa mgongo, kisha kwa kuvuka mgongo. Utaona upande mmoja unavutika zaidi. Mdomo wa mfuko wa kadi ulale kwenye uelekeo usiovutika. Sehemu ya tumbo ichezee mazoezi, waleti ikate mgongoni.

Hatua ya 2: Vifaa

Hapa ndipo watu wanapoteza hela. Wanaagiza seti ya vipande thelathini, wanatumia sita. Unachohitaji ni hiki:

- Kisu chenye wembe wa kuvunjavunja, kama cha wabandika stika za magari, na wembe mpya.
- Rula ya chuma. Ya plastiki utaikata pamoja na ngozi.
- Bikari ya ncha mbili, au ile ya mkebe wa hesabu wa shule, kwa kuchora mstari wa mshono.
- Chuma cha meno cha kutobolea, nafasi ya milimita 4 kati ya jino na jino. Ukikosa, weka alama kwa bikari na utoboe kwa msharasi, ile sindano nene ya mpini ya fundi viatu. Nilianza na spoku ya baiskeli niliyoinoa.
- Sindano mbili za ncha butu na uzi wa poliesta uliopakwa nta, unene wa 0.6 au 0.8.
- Gundi ya fundi viatu, msasa, nta ya nyuki, nyundo na ubao wa kupigia.

Kama una hela ya kifaa kimoja kizuri tu, nunua chuma cha meno. Matundu yakipinda, hakuna mkono utakaonyoosha mshono.

Hatua ya 3: Ramani ya manila

Usiguse ngozi bado. Kata vipande hivi kwenye manila:

Nje, milimita 220 kwa 95. Bitana ya ndani, 212 kwa 90. Imepungua urefu kwa makusudi, kwa sababu waleti ikikunjwa ngozi ya nje huzunguka njia ndefu zaidi. Ukizifanya sawa, ndani itajikunja makunyanzi.

Mifuko ya mbele miwili, kila mmoja 100 kwa 52. Kadi ina 85.6 kwa 54, kwa hiyo upana unabaki na nafasi ya mshono na ya kadi kupumua, na kadi itachungulia juu ya mdomo wa mfuko ili kidole kiishike.

Mifuko ya nyuma miwili, nayo 100 kwa 52, lakini yenye umbo la herufi T: acha mabega ya milimita 15 juu, kisha punguza milimita 6 kila upande hadi chini. T hii inakaa milimita 12 juu ya mfuko wa mbele. Kwa kuwa mabega tu ndiyo yanafika ukingoni, ukingo wako haubebi mifuko miwili kwa pamoja, isipokuwa pale pa milimita 3 vinapopandiana.

Vibandike kwa selotepu, weka kitambulisho cha NIDA, leseni, kadi ya benki na ya bima, weka na noti ya 10,000. Ikunje. Ikikukera ikiwa manila, itakukera zaidi ikiwa ngozi.

Hatua ya 4: Kukata na kupunguza unene

Chora kwa kalamu ya fedha au ncha ya msharasi. Kata kwa mipito miwili au mitatu mepesi. Ukikandamiza mpito mmoja, ngozi inasogea na rula inateleza kuelekea kidoleni. Kona nazizungushia sarafu.

Kisha weka kipande juu ya kioo, upande wa nyama juu, ulaze kisu karibu kabisa na ngozi na uparue ukingo wa chini wa ile T na pale mabega yanapoingia chini ya mfuko wa mbele. Punguza hadi karibu nusu ya unene. Midomo ya mifuko usiiparue. Isugue msasa na nta sasa hivi, kwa sababu ikishashonwa hutaifikia tena.

Hatua ya 5: Mpangilio wa kushona

Mpangilio ukivurugika, utafumua. Kwanza shona ukingo wa chini wa kila T kwenye bitana, mstari mmoja. Pili, gundisha mifuko ya mbele juu yake na ushone ule upande wa ndani ulio karibu na mkunjo, kwenye bitana pekee. Tatu, unganisha bitana na ngozi ya nje: kingo za chini zilingane, juu pabaki wazi kwa noti.

Gundi ipake pande zote mbili, ukanda wa milimita 3 tu, usubiri hadi ikigusa kidole isinate, ndipo ubonyeze na kugonga kwa nyundo. Gundisha upande wa kushoto kwanza, ikunje waleti juu ya rula, na ikiwa imekunjwa hivyo ndipo ugundishe wa kulia. Ule urefu wa ziada wa nje utakaa mahali pake kwenye mkunjo. Chini, acha milimita 20 za mkunjo bila gundi wala mshono.

Chora mstari milimita 3 kutoka ukingoni, toboa kutoka upande wa nje, chuma kikiwa wima kabisa. Jino la kwanza liingie kwenye tundu la mwisho ulilotoboa, ndipo nafasi isipotee.

Hatua ya 6: Mshono wa sindano mbili

Uzi ni mmoja, sindano mbili, moja kila ncha. Urefu wa uzi ni mara nne ya urefu wa mshono, na ziada ya kiganja. Kwa upande mmoja wa waleti hii, mita moja inatosha.

Bana waleti kati ya vibao viwili, vibao kati ya magoti. Pitisha uzi kwenye tundu la kwanza, sawazisha nusu kwa nusu. Kuanzia hapo: sindano ya kushoto inaingia na kutokea kulia, vuta. Sindano ya kulia ipite nyuma ya uzi huo na iingie tundu lilelile, huku ukiuvuta uzi wa kwanza kidogo kurudi nyuma usije ukautoboa. Ikitoka kushoto, vuta nyuzi zote mbili kwa nguvu sawa, ngozi ibonyee kidogo tu. Tundu linalofuata, hivyohivyo, sindano ya kushoto ikitangulia daima. Siku utakapobadilisha utaratibu katikati, mshono utakusema: uzi ulioinama unageuka kulala upande wa pili.

Ukifika mwisho, rudi nyuma matundu matatu, kata, sogeza moto wa kiberiti cha gesi kwa mbali hadi kishina kiyeyuke. Mshono huu nauchagua kwa sababu nyuzi zote mbili hupita kila tundu. Wa mashine uzi mmoja ukikatika, mwenzake anafumuka naye.

Hatua ya 7: Ukingo

Usisubiri kesho, ila usikimbie. Msasa namba 240 hadi matabaka yaonekane kama kipande kimoja, kisha 400, kisha 800. Lowesha ukingo kwa maji kidogo kwa kidole, usugue kwa mti mgumu wenye mfereji. Wangu ni kipande cha mpingo nilichopewa na wachongaji wa Mwenge, na sijawahi kuona kifaa cha dukani kinachokishinda. Sugua haraka, kwa wepesi, hadi ukingo upate joto na uanze kung'aa. Pitisha nta ya nyuki, sugua tena kwa kitambaa cha jinzi.

Weka kadi nne ndani, ikunje, uilaze chini ya vitabu vizito usiku mmoja. Asubuhi kadi zitakuwa zinabana kuzitoa, na mteja atakulalamikia. Mwambie aendelee kutumia kadi moja kila mfuko, wiki mbili zinatosha kulegea. Akibananisha kadi mbili siku ya kwanza, mfuko huo hautashika tena kadi moja.