Kutengeneza mawe yaliyoharibika kwenye meko ya ukutani

Jiwe la meko likipasuka, mara nyingi kosa si la jiwe. Liko nyuma yake, au kwenye mota, yaani mchanganyiko wa kuunganishia mawe, iliyolishika. Ukibandika jiwe jipya bila kujua la zamani lilipasuliwa na nini, nalo litapasuka palepale. Kwa hiyo anza na uchunguzi, tindo baadaye.

Acha meko ipoe siku nzima. Gonga kila jiwe taratibu kwa mpini wa nyundo. Jiwe lililoshika hutoa sauti kavu, fupi. Lililoachia hulia kama debe tupu. Kwenye kila ufa piga mstari wa penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe na upana, kisha upime tena baada ya mwezi. Ufa uliotulia unatengenezeka. Ufa unaorefuka, au unaopanda kwa mshazari kutoka kwenye kona ya mdomo wa meko, unaashiria linta (boriti inayobeba mawe juu ya mdomo) iliyochoka au msingi unaozama, na hapo muite mhandisi kabla ya kugusa chochote. Unga mweupe juu ya mawe ni chumvi inayoletwa na maji, mara nyingi kutoka juu ya dohani. Ufagie ukiwa mkavu, ziba panapovuja, ndipo urudi kwenye mawe. Na ukikuta nyuma ya mawe kuna kamba au ubao wa kijivu wenye nyuzi kwenye nyumba ya zamani, simama. Huenda ni asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Usiikate wala kuifagia, ipimwe kwanza.

Sasa mota, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Meko ina sehemu mbili zisizofanana. Tumbo la meko, yaani pale moto unapowaka, linataka matofali ya moto na mota ya kuhimili moto mkali, ile yenye saruji ya aluminati. Saruji ya kawaida ikipata joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi huanza kuvunjika kwa ndani na kugeuka unga, hata ukiichanganya nzito namna gani. Viungo vya tumbo viwe vyembamba, milimita 3, visizidi 6, kwa sababu kiungo kinene hupasuka kinapokauka. Mawe ya nje, yanayozunguka mdomo, hayaungui hivyo, lakini hutanuka na kusinyaa kila moto unapowashwa. Huko tumia chokaa inayoganda kwa maji: kipimo 1 cha chokaa kwa vipimo 2 na nusu vya mchanga mkali uliochekechwa. Mota inapaswa kuwa laini kuliko jiwe. Mwendo lazima utokee mahali fulani; mota ikiwa ngumu kuliko jiwe, jiwe ndilo litakalokatika.

Kufungua viungo, tumia tindo nyembamba na nyundo ndogo. Grainda, mashine ya kukatia, ni ya haraka, lakini ikiteleza kidogo tu inaacha kovu lisilofutika kwenye ukingo wa jiwe. Chimba angalau milimita 25, au mara mbili ya upana wa kiungo. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, si kitambaa. Vumbi la mawe lina silika inayoharibu mapafu. Toa vumbi lote, lowesha viungo jioni, na kesho yake vilowe tena hadi jiwe liwe na unyevu bila maji kung'aa juu. Jiwe kavu hunyonya maji ya mota kabla haijashika, na mota hubaki unga.

Korogea maji kidogo kidogo. Finyanga bonge mkononi: lishikane bila kuacha majimaji kwenye kiganja. Jaza kuanzia ndani, tabaka za milimita 10 hivi, ukibana kila tabaka. Kidole gumba kikiacha alama hafifu tu, gonga uso wa kiungo kwa ncha za brashi ngumu, usiiburute. Funika kwa gunia lenye unyevu siku 7.

Jiwe linalohitaji kutolewa kabisa, kwanza egemeza yaliyo juu yake kwa mihimili na kabari. Toboa matundu katikati ya jiwe bovu, livunje kutoka katikati kwenda pembeni, ili nguvu ya nyundo isifike kwa majirani. Jiwe jipya liwe la aina ileile na lipungue milimita 10 kila upande kwa ajili ya mota. Mawe ya mtoni usiyatumie karibu na moto: maji yaliyonaswa ndani hugeuka mvuke na kulipasua jiwe kwa kishindo.

Pembe iliyomeguka kwenye rafu ya juu inaweza kurudishwa kwa gundi ya epoksi na pini ya chuma kisichoshika kutu, milimita 6, iliyozama milimita 40 kila upande. Marumaru itoboe bila mtikisiko wa nyundo. Epoksi nyingi hulainika joto likifika nyuzi 60 hivi, kwa hiyo isikaribie mdomo wa meko.

Sakafu ya mbele ikiwa bamba moja na imepasuka katikati, usiweke bamba moja tena. Kata vipande vitatu au zaidi, ili kila kimoja kitanuke peke yake. Kati ya tumbo na mawe ya nje acha nafasi ya milimita 5 hadi 10, uijaze kamba ya nyuzi za kauri badala ya mota.

Subiri wiki 4. Moto wa kwanza uwe wa vijiti, nusu saa. Kesho yake saa moja. Siku ya tatu saa mbili. Ukiharakisha, maji yaliyobaki ndani ya mota huchemka na kuisukuma nje. Moto wa tatu ukiwaka, zima taa, pitisha tochi kando ya kila kiungo. Moshi ukipenya popote, hata uzi mwembamba, zima moto, fungua madirisha, na usiwashe tena hadi kiungo hicho kifunguliwe na kujazwa upya, kwa sababu panapopita moshi ndipo inapopita gesi ya sumu ya kaboni monoksidi, nayo haionekani wala hainuki.